Hiyo njia mliyoiita nyepesi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 19 na sijawahi kukuandikia. Hata ile wiki mliyochapa chemshabongo pamoja na majibu yake pembeni nilinyamaza, nikasema kukosea ni ubinadamu. Lakini ile makala ya msitu na matuta ya mchanga kando ya ziwa imenishinda kumeza. Unaikumbuka: kilomita 8, kupanda mita 120 tu, muda wa saa mbili, "njia nyepesi, yafaa kwa kila rika".

Kila rika. Basi nikamchukua mama mkwe.

Ana miaka 68 na goti moja lisilopenda ngazi, ila kwa kutembea barabarani huniacha nyuma. Nilipanga siku nzima kwa kuifuata makala yenu neno kwa neno: tuanze saa tatu asubuhi, saa sita tuwe tumesharudi kwenye gari. Maji lita 2 kwa watu watatu (wa tatu ni mpwa wangu wa miaka 10), kofia, kitambaa cha kukalia. Msituni sina malalamiko. Kivuli tele, udongo umetulia, majani makavu chini ya miguu, na mama mkwe ametangulia akitutajia ndege kwa milio yao. Kilomita tatu na nusu tulizimaliza ndani ya saa moja, nami nikajiona mpangaji hodari.

Kisha miti ikaisha. Mwandishi wenu alisema hapo "njia inafunguka kuelekea mchangani". Kufunguka! Mbele yetu limesimama tuta kama paa la nyumba, mchanga mkavu mtupu, hakuna jiwe wala mzizi wa kukanyagia. Unapiga hatua, mchanga unakurudisha nusu yake. Tulipofika juu tukaona la pili, na nyuma yake la tatu. Jua lilikuwa limeshauchoma mchanga, na mpwa wangu aliyevua viatu kwa furaha akavivaa tena huku analia. Maji yakatuishia kwenye tuta la pili, na hapo hapo goti likagoma. Mama mkwe akaketi juu ya gogo lililofukiwa nusu, akaniuliza kwa ule upole wake ninaouogopa: "Baba Neema, hawa wa gazeti walipita hapa, au walipita juu ya ramani?" Nikakosa jibu. Kurudi kwa kufuata ufuko, kama mlivyoshauri, haikuwezekana kwa sababu ufuko wenyewe haukuwepo. Maji yalikuwa yanapiga miguuni mwa matuta. Mwishowe nilimbeba mgongoni. Mhariri, kama una mkwe sina haja ya kukueleza zaidi; kama huna, hutaelewa. Tulifika kwenye gari saa kumi kasorobo, na njiani kurudi nyumbani hakuna aliyezungumza isipokuwa mtoto, aliyetaka kujua kama tutaenda tena.

Mgongo ulipopoa nikakaa na kalamu. Ipo kanuni ya zamani ya wapanda milima, ya Mskoti William Naismith, mwaka 1892: muda wa saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 zinatoa saa moja na dakika 36. Mita 120 zinatoa dakika 12. Jumla saa moja na dakika 48. Jaziliza kidogo, unapata mbili zenu. Nashuku basi kwamba mwandishi alitembea kwa kikokotoo. Na kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mapafu mazima, asiyepumzika, anayekanyaga ardhi imara. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima na kukuta kwamba kutembea mchangani kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea kwenye sakafu ngumu. Ufuko nao si barabara ya lami, kwamba ukiupita mwaka juzi utaukuta leo. Ziwa Michigan, kule Marekani, lilishuka Januari 2013 chini ya vipimo vyote vilivyowahi kuandikwa, na kufikia 2020 lilikuwa limepanda karibu mita mbili. Mita mbili za maji zinameza ufuko mwingi sana.

Na tukiwa hapo hapo, ile picha yenu. Kijana anaruka kutoka kileleni mwa tuta, nje kabisa ya njia, na nyasi zimelala chini ya miguu yake. Zile nyasi ndizo zinazolishika tuta. Zikanyage msimu mmoja, zife, na upepo utaanza kulichimba na kulihamisha mpaka liufukie msitu. Tuta liitwalo Mount Baldy, kule Indiana, Marekani, lilihama namna hiyo likafunika miti. Miti ikaoza humo ndani na kuacha mashimo yasiyoonekana kwa juu. Julai 2013 mtoto wa miaka 6 alitumbukia katika shimo moja, akafukuliwa baada ya muda wa zaidi ya saa tatu, chini ya mchanga wa kina cha mita tatu na ushee. Alipona, na tuta likafungwa. Siku yetu tuliwakuta vijana kama kumi wakiteleza juu ya nyasi, mmoja amebeba spika inayopigia muziki msitu mzima, hata ndege wa mama mkwe wakanyamaza. Nilipowakemea, mmoja akanionyesha simu yake. Ilikuwa picha yenu.

Ninachotaka ni kidogo. Andikeni kilomita za msituni peke yake na za mchangani peke yake, na hizo za mchangani mzizidishe muda mara mbili kabla ya kuongeza mapumziko. Neno "nyepesi" lisichapwe mpaka mwandishi ameipita njia hiyo saa saba mchana, begi la kilo 5 mgongoni, akiwa na mtu mmoja aliyezidi miaka 65 anayemheshimu, huyo ndiye ashike saa na huyo ndiye aseme kama ni nyepesi. Mkikosa mtu, mama mkwe amesema yuko tayari, mradi maji abebe mwandishi.

Akienda, amtafutie na kiatu. Kiko tuta la pili, upande wa ziwa, cha mguu wa kushoto.

Ni mimi,
Baba Neema