Pampu ni ya nani?

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nilicheka peke yangu pale uliposema umemaliza ripoti ya kurasa 40 kuhusu "ushirikishwaji wa walengwa", kwa lugha ambayo hakuna mlengwa hata mmoja anayeisoma. Karibu kazini!

Nikusimulie yaliyonikuta juzi. Tulikaa na kamati ya maji, mimi nikiwa mkalimani wa mgeni kutoka makao makuu. Akazungumzia umiliki, nikatafsiri: pampu hii ni mali yenu. Mama mmoja akanyoosha mkono. "Kama ni yetu, tunaomba ihamishiwe kule karibu na zahanati." Jibu la mgeni likaja na tabasamu: eneo limeshaidhinishwa na mfadhili, halibadiliki. Nikalisema hilo nalo, kwa mdomo uleule uliotoka kusema "mali yenu". Mama akaketi, akamnong'oneza jirani yake: "Kumbe ni yetu ya kufagilia."

Hilo sikulitafsiri.

Kisha mzee mmoja akaongea karibu robo saa. Alieleza pampu ya zamani ilivyokufa kwa kukosa kipuri kidogo tu, fedha za matengenezo zilivyoyeyuka, na nani alibaki na funguo. Kwenye daftari la mgeni nikaona mstari mmoja: jamii imeupokea mradi. Ningependa kumlaumu, lakini maneno yale alipewa na mimi. Nilikuwa nimechoka, dereva anapiga honi, nami nikafupisha.

Ajabu ni kwamba wakubwa wenyewe walishayasema haya. Azimio la Paris la mwaka 2005 kuhusu ufanisi wa misaada liliuweka umiliki juu kabisa ya kanuni zake tano, ingawa umiliki wenyewe ulikuwa wa nchi zinazopokea. Hadi ufike kwa yule mama ni safari nyingine. Mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa ya misaada ya dharura waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha hizo zitawafikia watendaji wa ndani, yaani mashirika ya nchi zenyewe, kwa njia fupi iwezekanavyo. 2020 ikafika, lengo halikukaribiwa hata kidogo. Sidhani kwamba walidanganya. Nadhani anayetoa fedha ndiye anayesomewa ripoti, na ripoti huandikwa ili robo mwaka ijayo fedha zije tena. Ndiyo maana kipuri cha yule mzee hakipati mahali. Kwenye jedwali la mradi kuna safu ya visima vilivyochimbwa, ya visima vinavyotoa maji baada ya miaka mitatu haimo.

Hebu nitumie hiyo ripoti yako. Nitakutafsiria kurasa mbili tatu zinazowahusu wanakamati wako, bure, uwasomee kabla haijaenda kwa mfadhili. Wakikukatalia jambo, liandike kama walivyolisema, hata kama ni refu. Mimi Jumatatu narudi kwa yule mama. Mgeni ameshaondoka, kwa hiyo safari hii sina wa kumtafsiria.

Wako wa siku zote.