Mnaohamisha imeili kwa programu, angalieni Overwrite

Mhariri, naomba nafasi niseme na vijana wanaoandika programu za kunakili na kuhamisha imeili kwenye seva. WebDAV, ile nyongeza ya HTTP ya kushughulikia faili kwenye seva iliyotoka 1999, ina amri za COPY na MOVE, unatuma ombi la HTTP kwenye anwani ya meseji yenyewe halafu kwenye heda (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) ya Destination unaweka anwani kamili ya inakoenda pamoja na jina la meseji, basi, kazi yote inafanyika hukohuko kwenye seva, hudaunilodi kitu. Sasa hapa ndo watu wanaumia: usipoandika heda ya Overwrite seva inachukulia umesema T (ndiyo), yaani umeiruhusu ifute kilichopo kule chenye jina hilohilo, na mwenye imeili haambiwi chochote. Wekeni F (hapana) jamani! Seva ikijibu kwa namba 412 mjue kuna kitu tayari pale, ikirudi 201 imeingia.

Na kwa Exchange, seva ya imeili ya Microsoft, WebDAV iliondolewa toka toleo la 2010, kwenye seva zenu tumieni amri za CopyItem na MoveItem za EWS (Exchange Web Services), ila meseji ikihama inapata ID (kitambulisho) mpya, kwa hiyo hifadhini hiyo inayorudi kwenye jibu, msing'ang'anie ya zamani.

Msomaji wenu