Sauti kwanza, kamera baadaye

Mhariri,

Wengi wanaotaka kurekodi masomo ya kompyuta kwa video hukimbilia kununua kamera. Fedha hiyo iende kwenye maikrofoni. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti yenye mwangwi kama wa bafuni humfukuza. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, yatosha. Tundika blanketi zito kwenye ukuta ulio mbele ya msemaji, maana sauti hugonga hapo ikarudi. Feni izimwe, joto la Dar liwe kali namna gani.

Kwa kurekodi skrini, programu ya OBS Studio ni ya bure. Weka ukubwa wa picha pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, na uhifadhi faili la video kwa muundo wa MKV, si MP4. Umeme ukikatika katikati, MP4 ya kawaida huwa haifunguki tena, ilhali MKV hubaki na yote yaliyokwisha kurekodiwa. Ukimaliza, programu hiyohiyo huigeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora. Kuza maandishi ya skrini hadi asilimia 150; wengi watatazama kwenye simu.

Ukijirekodi uso chini ya taa, picha ikaanza kupita mistari, chanzo ni umeme wetu wa hezi 50. Kwenye kamera, weka kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) iwe sekunde 1/50 au 1/100. Au geukia dirishani asubuhi, uniti za LUKU zibaki.

Msomaji wako,
Dar es Salaam