Tamthilia ya Tolentino isitenganishwe na maleba yake

Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie walimu na waongozaji wanaotafuta mchezo wa kupinga ukoloni kutoka nje ya Afrika. Upo mmoja unaostahili kabisa kuchezwa kwa Kiswahili: Kahapon, Ngayon at Bukas, yaani Jana, Leo na Kesho, wa Aurelio Tolentino wa Ufilipino, uliochezwa Manila tarehe 14 Mei 1903. Lakini atakayefasiri mazungumzo na kuyaacha maleba, yaani mavazi ya waigizaji, atakuwa ameubakiza mchezo wenyewe Manila.

Hispania ilivitawala visiwa vile kwa zaidi ya miaka 300. Desemba 1898 ikavikabidhi kwa Marekani kwa dola milioni 20, ilhali Wafilipino walikwisha kutangaza uhuru wao tangu Juni mwaka huohuo. Vita vikazuka. Novemba 1901 utawala mpya ukatunga Sheria Na. 292: maneno au maandishi ya uchochezi yaliweza kumfunga mtu hadi miaka miwili, kumtoza faini hadi dola 2,000, au vyote viwili. Ndiyo maana Tolentino aliwapa wahusika majina ya mafumbo. Inangbayan ni nchi mama. Tagailog, mpigania uhuru. Matanglawin, serikali ya Kihispania. Malaynatin, serikali ya Kimarekani.

Watunzi wa kipindi kile walikuwa na mbinu nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mazungumzo. Nguo za waigizaji zilipangwa rangi kwa makusudi. Ishara ikitolewa, walikimbilia katikati ya jukwaa kana kwamba ni vurugu tu, na walipokaribiana hadhira ikaiona bendera ya taifa lake. Kufumba na kufumbua walikuwa wametawanyika.

Kuirudia mbinu hiyo kunataka hesabu. Bendera ina buluu juu, nyekundu chini, na pembetatu nyeupe upande wa kushoto wa mtazamaji, yenye jua la miale minane na nyota tatu. Waliovaa buluu wasimame nyuma, juu ya kidato. Wa nyekundu wachutame mbele. Wa nyeupe wakae kulia kwao wenyewe, maana kulia kwa mwigizaji ndiko kushoto kwa mtazamaji. Hapa ndipo wengi watakosea, na bendera itatoka kinyume. Kosa baya zaidi ni nyekundu kuja juu: kwa Wafilipino hiyo ni alama ya vita. Jua laweza kuwa upepeo wa manjano mkononi mwa mmoja wao. Picha ikae sekunde tatu au nne, si zaidi. Ikiganda jukwaani inakuwa gwaride, na ile hatari iliyowafanya watu washangilie inapotea. Taa ziwe nyeupe, kwani taa ya manjano huibadili buluu.

Malaynatin naye asivalishwe sare ya jeshi la Marekani tangu mwanzo. Fumbo likifumbuliwa mapema, shutuma za sehemu ya mwisho ya mchezo hazina uzito. Inasimuliwa kwamba mwigizaji aliyetakiwa kuikanyaga bendera ya Marekani alisita, Tolentino akapanda mwenyewe kuikanyaga. Alikamatwa, akahukumiwa miaka miwili na faini ya dola 2,000, na mwaka 1906 Mahakama ya Juu ya visiwa ikaithibitisha hukumu hiyo.

Anayedhani maneno ndiyo yaliyowaudhi watawala auangalie mchezo wa Hindi Aco Patay, uliochezwa Malabon, karibu na Manila, mwezi uleule. Jua jekundu la wanamapinduzi lilipochomoza nyuma ya waigizaji, Wamarekani waliokuwa ukumbini walipanda jukwaani wakaipasua mandhari. Mwaka 1907 bendera yenyewe ikapigwa marufuku kwa sheria, marufuku iliyodumu hadi 1919.

Kwa hiyo mchapishaji atakayeutoa mchezo wa Tolentino kwa Kiswahili aweke michoro ya maleba na nafasi ya kila mhusika kwenye ukurasa unaotazamana na mazungumzo, si katika kiambatisho cha mwisho ambacho hakuna atakayekifungua wakati wa mazoezi.

Mwongozaji wa tamthilia,
Dar es Salaam