Hataza ya Eolas haikupaswa kuvutwa kupita kiasi

Mhariri,

Hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) namba 5,838,906 ya Marekani, ambayo kampuni ya Eolas iliitumia kuishtaki Microsoft, ilitolewa 1998 na kubatilishwa mahakamani 2012. Ilikuwa na masharti yaliyokwenda pamoja: ukurasa wa wavuti uwe na alama ya kupachika kitu ndani yake, kivinjari kiite chenyewe programu ya nje, na mtumiaji aitumie humo humo dirishani. Likikosekana moja, hapakuwa na ukiukaji. Ndiyo maana mwaka 2006 Microsoft ilikifanya kivinjari chake, Internet Explorer, kisubiri mtumiaji abofye kwanza. Usumbufu mtupu, ila ulilenga lile neno “chenyewe”.

Utata ulikuwa kwenye “programu”. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ilikubali kuwa hata faili la DLL (kipande cha msimbo kinachotumiwa na programu nyingine), lisilojiendesha peke yake, limo katika maana ya neno hilo. Basi kivinjari cha Viola cha 1993, kilichotangulia hataza hiyo, nacho kilipaswa kupimwa kwa upana uleule ili kuona kama uvumbuzi huo ulikuwa mpya kweli.

Mtengeneza programu