Mbona sarafu hii ya bundi imekatwa?

Wateja wanaotafuta sarafu za fedha za Athens hutuuliza hivyo karibu kila mara. Bundi amewapendeza, bei imewaridhisha, kisha wanaona mkato wa patasi umepita shavuni mwa Athena, mungu wa kike aliyechorwa upande wa pili, wanaghairi.

Mkato huo ni wa kale, na ulipigwa kwa sababu. Sarafu yenyewe, tetradrakma, ilikuwa na gramu 17 hivi za fedha iliyochimbwa Laurion, kusini mwa Attica, eneo la Athens. Haikuwa chenji: mwishoni mwa karne ya 5 KK fundi mwashi alilipwa drakma moja kwa siku, na hii ni drakma nne. Wafanyabiashara waliifikisha hadi Misri na pwani ya Shamu, ambako fedha ilipokewa kwa mizani, bundi au si bundi. Mpokeaji alitaka kujua kilichomo ndani, maana waghushi walikuwa wakiivika shaba ngozi nyembamba ya fedha. Athens yenyewe, ilipobanwa na vita dhidi ya Sparta, ilitoa sarafu za namna hiyo mwaka 406 KK!

Huko Athens kazi hii ilikuwa na mwenyewe. Sheria ya mwaka 375 KK ilimweka mkaguzi, mtumwa wa serikali, kati ya meza za wabadilisha fedha. Akikuta shaba au risasi ndani, aliikata sarafu papo hapo na haikurudi kwa aliyeileta. Ikiwa safi, ilirudishwa, na muuzaji aliyeikataa alinyang'anywa bidhaa zote alizotandaza siku ile. Nadhani wauzaji hawakubishana sana.

Kwa hiyo chungulia ndani ya mkato. Rangi ikiwa ni ya fedha mpaka chini, umepata ushahidi ambao sarafu nzima haiwezi kukupa. Ukiona wekundu au ukijani, hiyo ni shaba iliyovikwa. Mkato pekee hautoshi, kwani waghushi wa leo nao hukata. Ndiyo maana tunapima uzito mbele yako na kukagua ukingo kama una alama ya kalibu, dalili ya sarafu ya bandia iliyomiminwa.

Zilizokatwa tunauza kwa bei nafuu, na kwa anayeanza kukusanya ndizo ninazopendekeza. Usiisugue ing'ae, utaishusha thamani. Na popote ununuapo, dai karatasi za umiliki wa awali: Ugiriki hairuhusu vitu vyake vya kale kutoka nchini bila kibali.