Mtoto hajarudishwa baada ya likizo: mlango si wa polisi

Mhariri,

Kila Januari shule zinapofunguliwa huibuka ugomvi uleule. Mtoto alikwenda kwa baba, kwa mama au kwa bibi kula Krismasi, na sasa harudishwi. Simu haipokewi, ikipokewa, jibu ni “atakaa huku”. Mzazi aliyeachwa hukimbilia kituoni, huambiwa hayo ni mambo ya kifamilia nendeni mkamalizane, naye hurudi nyumbani akiamini sheria haina la kumsaidia.

Inalo, ila mlango wake uko kwingine. Pasipo amri ya mahakama, wazazi wote wawili wana haki kwa mtoto, na anayemng’ang’ania hajavunja amri yoyote ambayo polisi anaweza kuishika mkononi. Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi ni la kukimbiliwa siku hiyohiyo ikiwa mtoto anapigwa, anafichwa au kuna dalili za kumvusha mpaka; ukienda, usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Mengine yote ni kazi ya Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri na Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. (Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011.)

Anza na ujumbe wa maandishi usio na matusi: “Tulikubaliana mtoto arudi tarehe 5. Leo ni tarehe 8. Naomba arudi kabla ya tarehe 11, nauli natuma mimi.” Mistari hiyo michache inaonyesha kwamba makubaliano yalikuwepo na siku yalipovunjwa. Usiifute wala usiuze simu, kwa sababu mahakamani utatakiwa ueleze kwa kiapo imetoka kwenye simu gani na ilichapishwaje. Kisha nenda ustawi na nakala ya cheti cha kuzaliwa, ujumbe huo, na mahali hasa mtoto alipo. Afisa atamwita mwenzako. Mkielewana, msiishie kwenye karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ni ushahidi mzuri, lakini akiigeuka kesho hakuna wa kuikazia. Ombeni makubaliano hayo yaingizwe mahakamani yawe amri.

Akigoma, usimbembeleze mpaka Pasaka. Hapa ndipo wengi wanapopoteza kesi kabla hawajaifungua. Katika kuamua malezi, yaani mtoto akae na nani, pamoja na maslahi ya mtoto kwanza, sheria inaitaka mahakama iangalie umri wake, maoni yake kama ameyatoa kwa uhuru, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na mwendelezo wa malezi. Hilo la mwisho lina makali. Leo mwendelezo uko upande wako. Mtoto akishaandikishwa shule ya huko, akapata marafiki na daftari limejaa sahihi za mwalimu mpya, hoja hiyohiyo imehamia kwa aliyemshikilia. Kwenda kumnyakua getini nako ni kujiharibia, maana siku ya kusikilizwa utaonekana hujali hofu ya mtoto. Na zile video za mtoto akisema “sitaki kurudi kwa mama” hazina uzito wanaoudhania wazazi. Maoni aliyofundishwa si maoni yaliyotolewa kwa uhuru.

Kwa maombi ya malezi katika Mahakama ya Watoto huhitaji hati ya baraza la usuluhishi la ndoa. Hiyo ni ya talaka, na watu hupoteza wiki nyingi wakiifuata. Kama shauri la talaka tayari liko mahakamani, omba malezi humohumo. Kama amri ilishatolewa zamani, usifungue kesi mpya, rudi mahakama iliyoitoa uombe utekelezaji. Ambatanisha ripoti za shule, stakabadhi za ada na kadi ya kliniki, vitu vinavyoonyesha nani amekuwa akilea. Omba mambo mawili kwa pamoja: amri ya muda ili mtoto arudi shuleni shauri likiendelea, na amri ya malezi yenyewe. Mtoto akiwa kwa bibi, mtaje bibi pia kama mjibu maombi. Ukimshtaki baba peke yake atasema mtoto hayuko kwake, na atakuwa amesema kweli.

Wapo wanaokaa kimya kwa kuamini kwamba mtoto akifika miaka 7 ni wa baba. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya miaka 7 hakuna anayekabidhiwa moja kwa moja. Wala matunzo si tiketi: asiyetoa matumizi hashinikizwi kwa kufichiwa mtoto, na anayenyimwa kumwona mtoto hapati ruhusa ya kuacha kutoa. Kila moja lina maombi yake.

Ukihofia safari ya nje, omba mapema zuio la mtoto kutolewa nchini na upeleke nakala Uhamiaji. Tanzania haijajiunga na Mkataba wa Hague wa 1980 unaohusu watoto waliochukuliwa nje, hivyo akishavuka utalazimika kufungua shauri huko aliko, kwa wakili na gharama za huko.

Asiye na fedha ya wakili aulize ustawi kuhusu watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure. Na siku amri ikitolewa, isome kabla hujaondoka masjala. Iliyoandikwa “mtoto arudishwe” tu itakurudisha mahakamani. Omba itaje tarehe, saa, mahali pa kukabidhiana, nani anamleta, na kwamba afisa ustawi na mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo wasaidie akikataa. Nakala moja mpe mwalimu mkuu.

Msaidizi wa kisheria,
Morogoro